Kuuliza Si Ujinga



Wazazi kadhaa wa mwambao wetu wana watoto wanaosoma Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Kimataifa kilichoko Gombak, pambizoni mwa jiji la Kuala Lumpur, Malaysia. Ukifika msimu wa mahafali huniuliza: tufikie wapi, na tule wapi? Nitawajibu kwa yaliyotufika mimi na mke wangu tulipokwenda kumwona binti yetu akihitimu.

Tulifikia hoteli ndogo karibu na Masjid Jamek, msikiti uliofunguliwa mwaka 1909 mahali inapokutana mito ya Klang na Gombak. Nawausia mtaa huo. Adhana mtaisikia mkiwa chumbani, maduka ya nguo za stara yako karibu katika barabara ya Masjid India, na treni ya mjini huenda hadi kituo cha Gombak bila ya kubadilisha. Darini mwa chumba mlichorwa mshale wa kibla. Uangalieni, kwani sisi wa Mombasa tumezoea kuelekea kaskazini, na huko kibla ki upande wa magharibi.

Ama chakula, hapo nilighurika. Nilijiambia kuwa nchi hii ni ya Waislamu, basi hapana haja ya kuuliza. Siku ya pili nikamwingiza mke wangu na binti yetu katika mkahawa uliobandikwa tangazo mlangoni kwamba hapauzwi nguruwe. Nikaagiza kuku. Sahani zilipoletwa, mke wangu hakunyosha mkono. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Sheikh, hapa pameandikwa hapana nguruwe. Hapakuandikwa halali. Kuku huyu amechinjwa na nani?"

Nilinyamaza. Miaka yote nafundisha kwamba halali i wazi na haramu i wazi, na yaliyo baina yake yenye shaka ni ya kuepukwa. Nikamwita mwenye mkahawa, naye kwa uungwana akakiri kuwa hawezi kutuhakikishia. Tukalipa, tukainuka, chakula tukakiacha mezani.

Binti yetu akatupeleka Kampung Baru, mtaa wa zamani wa Wamalay. Tukala nasi lemak, nao ni wali wa nazi kama wetu, huliwa kwa dagaa wa kukaanga, njugu, yai, tango na pilipili ya kusaga. Asubuhi zilizofuata tulikula kwa Waislamu wenye asili ya Kitamil, ambao baadhi ya migahawa yao hukesha. Kwao mna roti canai, iliyo ndugu ya chapati zetu, na chai ya maziwa iliyomiminwa mpaka ikatoka povu. Kila mwingiapo, tafuteni alama ya halali ya JAKIM, idara ya serikali inayosimamia mambo ya Kiislamu. Msipoiona, ulizeni.

Tukirudi, binti yetu akaniambia, "Baba, tangazo lile nililiona. Mama alinifunza kuuliza kabla sijaondoka Mombasa. Lakini wewe ni sheikh, nikaona haya kukuuliza."

Maneno hayo yaliniuma kuliko njaa. Elimu inayomfanya mtoto aogope kumzindua babake ina kasoro, na kasoro ni ya baba. Tangu siku hiyo nimewaambia watu wa nyumbani kwangu na wanafunzi wangu: mkiniona naghafilika, niulizeni, hata mbele ya watu.

Wabillahi tawfiq.