Vitreni vya Hamburg vilivyoniumbua kwa mjomba

Mpenzi msomaji, usicheke. Mtu mzima na ndevu zangu, nimepanga foleni Hamburg, Ujerumani, tiketi mkononi, kwenda kuangalia treni za kuchezea! Aliyeniburuta huko ni mjomba wangu, baharia mstaafu ambaye siku hizi anaishi kwenye mji huo, mji ndugu wa Dar es Salaam tangu mwaka 2010. Moyoni nikasema, mzee kaanza kuzeeka.

Tulishuka kituo cha Baumwall, tukavuka daraja na kuingia Speicherstadt, mtaa wa maghala ya matofali mekundu kando ya mifereji. Enzi hizo humo ndimo ilimohifadhiwa kahawa, chai na viungo vilivyoshushwa bandarini. Sasa ghala mojawapo lina Miniatur Wunderland, iliyofunguliwa mwaka 2001 na ndugu mapacha, Frederik na Gerrit Braun.

Jamani! Kila kitu kimepunguzwa mara 87. Mtu wa sentimita 174 anabaki na sentimita 2 tu. Kuna milima, miji, treni zaidi ya 1,000, na uwanja wa ndege uliofunguliwa mwaka 2011 ambako vindege vinaruka mbele ya macho yako. Kila robo saa mchana unageuka usiku na madirisha ya vijumba yanawaka. Watoto wakapiga kelele. Na mimi pia, nisiseme uongo.

Mara mjomba akanigeukia. "Mpwa wangu, si ulisomea kompyuta wewe? Treni mbili ziko kwenye reli moja, umeme ni uleule. Mbona moja inakwenda na nyingine imesimama?"

Nikaanza kukohoa. Msomaji, nikupe siri: kozi ile nilifeli. Nilikariri biti, baiti, anwani na dekoda kama kasuku, mtihani ukanitupa nje. Nyumbani nikawaambia "nimemaliza". Na nusu ya ada aliitoa nani? Huyuhuyu mjomba.

"Mjomba, ile... kuna waya," nikajibu. Akaguna, hakusema kitu.

Jioni, nyumbani kwake, akavuta boksi kutoka uvunguni. Kumbe mzee ana reli yake! Akaitandaza mezani, akaweka vichwa viwili vya treni.

"Zamani," akasema, "ukiongeza volti treni inakimbia, ukigeuza chanya na hasi inarudi nyuma. Ukiweka mbili, zote zinakwenda pamoja kama ng'ombe wa nira moja. Siku hizi umeme uko relini muda wote, na amri zinapita humohumo."

Zinapitaje? Umeme unageuzwa-geuzwa kwa kasi. Mgeuko wa mikrosekunde 58 pande zote mbili ni biti ya 1. Wa mikrosekunde 100 au zaidi ni biti ya 0. Biti 8 ni baiti. Ujumbe wa kawaida una baiti tatu: ya kwanza anwani, ya pili amri, ya tatu ya kuhakiki. Ikikataa kulingana, ujumbe wote unatupwa. Anayesoma haya ni dekoda, kisahani kidogo cha elektroniki kilichofichwa tumboni mwa kichwa cha treni.

Hapo nikakumbuka daladala. Konda akiita "Magomeni, wa kushuka!" gari zima linasikia, lakini anayenyanyuka ni wa Magomeni. Kumbe anwani ndiyo hiyo!

Mjomba akabonyeza rimoti. Vichwa vyote viwili vikaondoka! "Unaona? Vyote vipya. Vinatoka kiwandani na anwani namba 3." Akakitoa kimoja, akakipa namba 7. Akaita 7: kikaenda peke yake, mwenzake kimya.

Kwa pupa nikashika rimoti, nikaongeza mwendo. Kwenye kona kichwa kikaacha reli, gurudumu likagusa reli zote mbili, kila kitu kikazima. Nikajua nimeua mali ya watu.

"Shoti tu hiyo," mzee akacheka. "Busta, kile kiboksi kinachosukuma umeme relini, kimejikata chenyewe kisiungue."

Nikashindwa kuvumilia. "Mjomba, nisamehe. Ile kozi nilifeli."

"Nilijua tangu mchana, uliponiambia waya," akajibu huku akikirudisha kichwa relini. "Haya, mwite namba 7. Polepole safari hii."

Wasomaji wangu, maneno yale hayakuwa magumu. Tatizo ni kwamba sikuwahi kuona yanafanya kazi gani, na niliona haya kuuliza. Nimejiandikisha upya, masomo ya jioni. Ada ya safari hii natoa mfukoni mwangu.