Akiba Iliyotuvunja Vidole

Mama mwenzangu, ipo akiba inayojenga nyumba na ipo akiba inayoibomoa. Mimi nimezijua zote mbili. Leo nataka kukusimulia juu ya hiyo ya pili, maana ilinikuta mahali ambapo sikuwahi kupafikiria: kwenye mlango wa gereji.

Nyumbani Tanzania tukisema gereji, tuna maana ya pale kwa fundi wa magari. Huku Marekani tunakoishi, karibu na jiji la Minneapolis, gereji ni chumba cha gari kilichoungana na nyumba. Mlango wake ni mpana kama ukuta mzima. Haufunguki kwa pembeni, bali hupanda juu kwa vipande vilivyoungwa kwa bawaba, ukaenda kulala chini ya dari. Unabonyeza rimoti, mota inanguruma, mlango unapanda. Kwa miaka mingi niliamini kwamba mota ndiyo inayoubeba mlango ule. Sikujua kwamba mbebaji ni mwingine.

Tuliinunua nyumba yetu katikati ya mwaka 2018. Aliyetuuzia alituonyesha springi mbili mpya zilizozungushiwa bomba la chuma juu ya mlango. Tulizitazama mara moja tu, kisha tukazisahau.

Alfajiri moja ya Januari 2023, baridi ikiwa imeshuka nyuzi 20 chini ya sifuri, tulisikia mlio mkubwa kama wa bunduki. Binti yetu Neema alipiga yowe. Baba Neema alichukua tochi akashuka, nami nyuma yake. Hapakuwa na mwizi. Springi moja ilikuwa imekatika, na katikati yake palikuwa na pengo la upana wa vidole vitatu.

Zamu yangu ya kuwahudumia wazee ilianza saa moja asubuhi, na gari lilikuwa ndani. Nikabonyeza kitufe. Mlango ulipanda kiasi cha kiganja, ukagoma. Siku ile jirani alinipeleka kazini.

Mchana nilimpigia fundi simu. Akataja dola 350. Moyo wangu ulishtuka, kwa sababu kiasi kile kile tulikuwa tumekitenga kwa ajili ya ada ya mtoto wa marehemu dada yangu aliyeko Moshi. Jioni Baba Neema alisema, "Tumwite fundi tu."

Mama mwenzangu, mimi ndiye niliyekataa. Nilisema, "Dola 350 kwa chuma kilichojiviringisha? Wewe si ndiye uliyeezeka nyumba ya mama kwa mikono yako mwenyewe?" Alinyamaza. Unajua jinsi ilivyo vigumu kwa mwanamume kukataa anaposifiwa namna ile mbele ya watoto wake.

Jumamosi alipanda ngazi na bisibisi mbili nene. Mwanetu Daudi, mwenye miaka 15, alisimama chini akimshikia tochi. Baba Neema aliichunguza ile springi iliyokatika, akaona imelegea kabisa, haina nguvu tena. Akadhani na mwenzake ni hivyo hivyo. Akachomeka bisibisi kwenye tundu la ile nzima, akalegeza skrubu zake.

Springi ile ilikuwa bado imekazwa. Nguvu yake yote ilifumuka kwa pamoja. Bisibisi ilimponyoka, ikampiga mkono, ikaruka na kuvunja kioo cha gari. Daudi alikuwa hatua mbili tu kutoka hapo.

Hospitali walituambia vidole viwili vimevunjika, na cha tatu kilishonwa. Daktari alisema tushukuru kwamba chuma kile hakikwenda usoni. Baba Neema hupakia mizigo kwenye ghala. Alikaa nyumbani wiki sita bila mshahara. Ile ada ya Moshi ilichelewa muhula mzima. Dola 350 nilizozionea uchungu zilikuwa ndogo mno mbele ya tulichopoteza.

Usiku ule, tukiwa kwenye benchi la hospitali, nilimwomba msamaha mume wangu. Nilimwambia kwamba ni mimi niliyemsukuma. Aliutazama mkono wake uliofungwa, akasema, "Mama Neema, hata mimi nina sehemu yangu. Nilijua sijui. Nikashindwa kusema sijui."

Fundi alikuja Jumatatu, mzee mpole asiye na haraka. Kabla ya kufunga springi mpya alinitaka nijaribu kuuinua mlango. Nilishika chini kwa mikono miwili, nikajikaza, haukutikisika. "Huo unapita kilo 70," akasema. "Mota yako haikuwahi kubeba uzito huu. Mota huanzisha mwendo tu. Mbebaji ni springi."

Akanieleza jinsi inavyofanya kazi. Mlango unaposhuka, waya mbili za chuma zilizofungwa kwenye pembe zake za chini huyazungusha makapi yaliyo kwenye ncha za lile bomba, nazo springi hujikaza. Mlango unapopanda, springi hujikunjua na kurudisha nguvu waliyoihifadhi. Kwa hiyo mlango ukiwa umefungwa na nyumba imetulia, ndipo springi zimekazwa kuliko wakati wowote.

Nilisimama mbali nikimtazama. Yeye hakutumia bisibisi. Alikuwa na vyuma viwili vya mviringo, kila kimoja na urefu wa karibu sentimita 45, vinavyoingia barabara kwenye matundu manne ya kichwa cha springi. Alizungusha robo mzunguko kwa chuma cha kwanza, akachomeka cha pili, ndipo akachomoa cha kwanza. Hakuacha hata mara moja springi bila chuma ndani yake, wala hakuweka uso wake mbele yake. Mlango wetu una kimo cha mita 2.1, nilihesabu robo 30 kwa kila springi. Alibadili zote mbili, kwa kuwa zilifungwa siku moja na zimefanya kazi sawa, hivyo ya pili nayo isingekaa muda mrefu.

Nilimuuliza kwa nini zilikatika mapema hivyo. Akasema springi za kawaida hutengenezwa kwa makadirio ya kufungua na kufunga mara 10,000. Akauliza mlango wetu hufunguliwa mara ngapi kwa siku. Nikahesabu: mimi kwenda na kurudi, Baba Neema kwenda na kurudi, watoto na baiskeli zao, takataka. Haikupungua mara 6. Gawanya 10,000 kwa 6, utapata kama siku 1,666, yaani miaka minne na nusu. Tangu katikati ya 2018 hadi Januari 2023 ni muda huo huo. Springi ilikuwa imetimiza kazi yake kwa uaminifu; baridi ya siku ile iliimalizia tu.

Alipomaliza aliniita tena. Niliuinua mlango ule ule kwa mkono mmoja. Machozi yalinitoka, naye hakuelewa kwa nini.

Kwa ajili yako unayeishi katika nyumba yenye mlango wa namna hii, haya ndiyo niliyojifunza. Mlio mkubwa ukisikika na mlango ukawa mzito, usibonyeze tena rimoti. Unaweza kuiharibu mota. Ile kamba nyekundu inayoachanisha mota na mlango ivutwe tu mlango ukiwa umefungwa. Ukiivuta mlango ukiwa juu na springi imekatika, uzito wote utaanguka. Usiguse bolti za pembe za chini zinaposhika waya. Na ikiwa springi zenu ni zile ndefu zilizonyooshwa sambamba na reli, hakikisha kila moja ina waya wa usalama uliopita katikati yake, ili ikikatika isiruke.

Ziko kazi ambazo mama anaweza kuzifanya mwenyewe. Mara mbili kwa mwaka pulizia mafuta ya silikoni kwenye springi, bawaba na beringi za magurudumu. Reli zifute kwa kitambaa, usizipake mafuta. Kisha pima uwiano: mlango ukiwa umefungwa, vuta kamba nyekundu, uinue kwa mkono hadi katikati, uachie taratibu huku mikono ikiwa karibu. Ukitulia, springi ni nzima. Ukishuka au ukipanda wenyewe, mwite fundi kabla hazijakatika.

Kila mwezi weka kipande cha ubao kikiwa kimelala sakafuni, ufunge kwa mota. Mlango ukigusa ubao lazima urudi juu. Tangu mwaka 1993 sheria ya Marekani inataka mota mpya za nyumbani ziwe na kinga ya kuzuia mtu asibanwe, nayo mara nyingi ni yale macho mawili madogo yaliyo karibu na sakafu. Pitisha ufagio mbele yake mlango ukishuka, uone kama utarudi. Mwenye watoto wadogo asilisahau hili.

Gharama ya fundi sasa tunaijua mapema. Tangu mwaka ule tunaweka dola 10 kila mwezi katika bahasha iliyoandikwa "springi". Wengine hucheka wakiiona. Sisi hatucheki.

Vidole vya Baba Neema vilipona, ila kimoja hakikunji vizuri. Akishika kikombe cha chai mimi hukiona. Na nyumbani kwetu limeingia neno ambalo zamani lilikuwa gumu. Majira ya joto yaliyofuata mashine ya kufulia iliharibika. Baba Neema aliifungua, akachungulia ndani, akasimama na spana mkononi. Kisha akasema, "Hii siijui."

Nilikwenda kuchukua simu nikamwita fundi.