Asilimia 78

Kila Jumatatu saa mbili unusu asubuhi, mameneja watano wa miradi waliingia kwenye chumba cha mikutano, na kila mmoja alikuja na asilimia yake. Mimi nilikaa mwisho wa meza, karibu na chupa ya chai, na laptopu yenye betri ya kuombea Mungu. Kazi yangu ilikuwa kuandika kumbukumbu za kikao na kunyoosha lugha ya ripoti zao za mwezi kabla hazijafika kwa bosi na kupanda juu zaidi. Mkataba wa miezi 6, kuanzia Januari. Malipo mwisho wa mwezi, ukibahatika.

Lilikuwa shirika la serikali la kujenga miradi ya maji. Nililetwa pale kwa sababu mbili. Nilisoma uhandisi wa ujenzi miaka miwili na nusu kabla karo haijanishinda, kwa hivyo najua valvu ni nini. Na naandika, kwa hivyo najua "inakaribia kukamilika" si sawa na "imekamilika." Siku ya kwanza jamaa mmoja wa ofisi aliniwekea mrundo wa ripoti za zamani mezani, akaniambia, "Soma hizi ushike mtindo. Ripoti yetu hailii." Nikashika mtindo. Nilikuwa mwanafunzi mzuri sana wa hilo, afadhali kuliko nilivyokuwa wa hesabu.

Aliyewasimamia wale watano tulimwita Madam. Wao walimwita Injinia, hata wawili waliomzidi umri. Chini ya meza yake palikaa buti za saiti zenye matope yaliyokauka, na sikuwahi kujua kama aliziacha vile makusudi. Meneja akimaliza kusoma asilimia zake, Madam aliuliza swali lilelile kila wiki: "Nani amekunywa?"

Mwanzoni nilidhani ni mbwembwe tu. Kisha nikaelewa asilimia inavyopikwa, na nasema kupikwa bila kumaanisha wizi. Chukua mradi mmoja kati ya ile mitano: chanzo cha maji mtoni, bomba la kilomita 14, tangi, na vioski 6 huko Ukambani. Sehemu kubwa ya gharama ni mabomba yenyewe. Lori likishayashusha na mhandisi wa saiti akayahesabu, mkataba unamruhusu mkandarasi kudai sehemu ya thamani yake. Dai likiidhinishwa, asilimia inapanda. Mabomba hayajazikwa, hayajaunganishwa, mbuzi wanajikuna hapo, na kwenye karatasi mradi umeshavuka nusu. Ongeza vioski, ambavyo hujengwa mapema kwa sababu ni rahisi na vinatoka vizuri kwenye picha. Ndivyo mradi huo ulivyofika asilimia 78. Ukiwa na kikokotoo huwezi kupata kosa popote.

Na hata ukikamilika? Zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayosafishwa na kampuni za maji nchini hupotea njiani au hayalipiwi. Ndiyo maana Madam aliuliza kuhusu koo la mtu.

Watu hudhani bosi wa serikali ana nguvu. Hata mi nilidhani hivyo. Madam hakuweza kumlipa mkandarasi, pesa zinasubiriwa kutoka Hazina. Hakuweza kumlazimisha mwenye shamba apitishe bomba kabla ya fidia. Hakuweza kufungua kioski kilichokwisha jengwa, maana tangu Sheria ya Maji ya 2016 mashirika kama lile hujenga, lakini kuuza maji ni kazi ya kampuni za kaunti, na kaunti isipokubali kupokea mradi, kufuli inabaki pale pale. Alichobaki nacho ni maswali na barua. Barua ya kujieleza. Kwenye korido watu walijua idadi ya alizoandika mwaka ule kuliko walivyojua siku za kuzaliwa za watoto wao.

Kisha akaanza kudai picha zenye tarehe na mahali. Picha zikaja kwa wingi, mitaro na mitaro. Kwenye ripoti ya Mei ya ule mradi wa kilomita 14, niliona mtaro kando ya mgunga wenye jerikeni ya njano imetundikwa tawini. Nikajiambia, huyu mti tunajuana. Nikafungua ya Aprili: mti. Ya Machi: mti. Tarehe zilikuwa tofauti, lakini kivuli kilikuwa kimelala palepale, urefu uleule, mara tatu.

Aliyekusanya zile picha alikuwa mhandisi msaidizi wa mradi, na huyo mhandisi msaidizi tulilala chumba kimoja hosteli. Ndiye aliyeninunulia chapati madondo muhula mzima nilipoishiwa. Nilipoacha chuo, ndiye aliyenibebea godoro mpaka kwenye matatu. Nikampigia jioni.

"Buda, huo mti wenu una miezi mitatu sasa."

Akacheka, kisha akanyamaza. "Umemwambia Madam?"

"Bado."

"Skiza. Mkandarasi hajalipwa tangu Novemba. Vibarua walienda. Tulishasema, hakuna aliyesikia. Sasa tukiandika sufuri, bajeti ya nyongeza ikija wanaangalia nani hajatumia pesa, wanatutoa, wanapeleka kwingine. Mradi unakufa kabisa. Afadhali uonekane unatembea."

"Lakini hautembei."

"Unachechemea," akasema. "Na wewe usijichoshe na haya. Wewe ni wa koma na nukta."

Ninaishi Pipeline, Embakasi, mtaa ambao jina lake lilitokana na bomba la mafuta na si la maji, kama yeyote aliyewahi kuoga huko anavyojua. Usiku ule mifereji ilikuwa mikavu. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema kila mtu ana haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Mwenye mkokoteni alisema ni shilingi 40 mtungi, na kupanda ngazi ni juu yangu. Nikapandisha mitungi miwili hadi orofa ya nne, nikakaa juu ya mmoja, nikafungua laptopu.

Sitadai nilifanya nilichofanya kwa ajili ya mama fulani wa Ukambani asiye na maji. Koma na nukta ilikuwa imenichoma. Yeye ana cheti na jaketi la kuakisi mwanga, mimi nina mkataba wa miezi 6. Chini ya picha nikaandika: "Picha hii imetumika pia katika ripoti za Machi na Aprili." Nikatuma.

Madam hakupiga simu kwa mtu. Jumatano alfajiri alisimama mlangoni na buti mguuni. "Beba daftari. Tunaenda."

Kwenye pikapu aliongea mara moja tu, tukiwa tumeshaacha lami. Alisema alipokuwa injinia mdogo, bosi wao alikuwa mtu wa kupiga meza. Wakawa wanampelekea habari nzuri tu, mpaka siku ya kupima presha. Bomba hujazwa maji, hupampiwa kupita kiwango litakachobeba kazini, kisha mnakaa mkiangalia geji. "Hatukukaa hata dakika kumi," akasema. "Likapasuka katikati ya shamba la watu." Akarudi kuangalia nje.

Jerikeni ilikuwa bado tawini. Mtaro ulikuwa umebomoka kingo, nyasi zimeota ndani. Mbele kidogo kulikuwa na kioski cha kwanza, rangi ya buluu safi, na kwenye kibaraza chake mama mmoja alikuwa amezungushia wavu na kufuga kuku.

"Shikamoo mama," Madam akasema.

"Marahaba. Nyinyi ni wa maji ama wa kura?"

"Wa maji."

"Basi mmechelewa. Wa kura huwa wanafika mapema." Akatuonyesha kuku. "Lakini hawa wamefurahia sana huo mradi wenu."

Meneja alitukuta hapo, rafiki yangu akiwa nyuma yake, haniangalii. Madam akaketi juu ya mrundo wa mabomba na kumpigia meneja kofi la mwaliko kwenye bomba la pembeni. Akamuuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa, "Ungeniambia lini?"

"Nilikuambia, Injinia. Machi."

"Mimi?"

Meneja akatoa simu, akatafuta, akamsomea rasimu yake ya Machi: mkandarasi ameondoa mashine na vibarua wote saiti kwa kukosa malipo, kazi imesimama.

Nilihisi joto masikioni kabla hajamaliza. Niliikumbuka hiyo sentensi. Niliikumbuka vizuri, kwa sababu nilikuwa nimejisifu nayo. Ilifika kwangu ikiwa inalia, na nikainyamazisha: "Mradi unakabiliwa na changamoto za mtiririko wa fedha, ambazo zinashughulikiwa." Hata hiyo "zinashughulikiwa" ilikuwa yangu. Hakuna aliyekuwa akishughulikia chochote. Ilikuwa inaziba pengo la mdundo.

"Nikasubiri uulize," meneja akaendelea. "Hukuuliza. Nikadhani umesoma ukaamua kunyamaza. Na mtu wa barua akinyamaza, Injinia, wewe pia unanyamaza. Aprili nikamwambia huyu kijana atume picha yoyote."

Madam aliangalia mtaro kwa muda. Kisha akanigeukia, na mimi nikasema, "Ni mimi niliyebadilisha." Sauti ilitoka ndogo. Rafiki yangu ndipo akaniangalia.

Nilitegemea kufutwa hapo hapo, tena nikajikuta nahesabu nauli ya kurudi. Madam aliuliza tu mkandarasi anadai kiasi gani, na cheti cha malipo kilikwama meza ya nani. Tukarudi mpaka makutano ya Machakos kabla hajasema neno lingine. "Kuanzia leo niletee walichoandika wao kwanza. Wewe utanyoosha nikishasoma." Baadaye kidogo akaongeza, "Na zile barua zangu, ziko ngapi?" Nikamwambia sijui. Nilijua. Zilikuwa tatu.

Meneja hakupata ya nne. Barua iliyoandikwa wiki ile ilienda juu, na niliichapa mimi, ikiwa na sentensi ya Machi jinsi ilivyokuwa, hata mahali ambapo sarufi ilikuwa imeteguka. Ile safu ya asilimia ilibaki kwenye ripoti, maana wa juu wanaitaka. Mkataba wangu uliisha mwisho wa Juni na haukuongezwa, na hakuna aliyenieleza sababu.

Septemba rafiki yangu akanitumia picha kwenye WhatsApp, bila salamu. Mgunga uleule, jerikeni ileile. Kivuli kimehamia upande wa pili, na mtaro umefukiwa mpaka ukingo wa picha. Nikamuuliza nani amekunywa.

"Bado," akajibu. "Tuko kilomita ya 9."