Mtaka cha Mvunguni Sharti Ainame



Juma hili tutafakari habari za mchezo ambao wengi wetu hatuufahamu kama kandanda, yaani raga. Katika mchezo huo kuna tendo liitwalo skramu. Wachezaji wanane wa kila upande hufungamana mabega, huinama, kisha husukumana kuugombea mpira. Watatu wa safu ya mbele hubeba uzito wa pande zote mbili: mbele yao wapinzani, nyuma yao wenzao. Mtazamaji huona migongo tu.

Pontypool ni mji wa kusini-mashariki mwa Wales, uliokuzwa na chuma na makaa ya mawe. Mwaka 1969 Ray Prosser, aliyewahi kuichezea klabu ya mji huo, alianza kuifundisha ikiwa taabani. Enzi hizo raga ilikuwa ya ridhaa, haina mishahara. Prosser aliwakimbiza vijana wake kwenye mlima ulio kando ya uwanja, akawafundisha kuinama na kusukuma pamoja.

Hapo ikapatikana safu ya mbele ya Charlie Faulkner, Bobby Windsor na Graham Price; wawili wa kwanza walikuwa wafanyakazi wa viwanda vya chuma. Januari 1975, jijini Paris, watatu hao waliichezea Wales pamoja kwa mara ya kwanza. Faulkner alikuwa na miaka 33, umri ambao wengi huaga uwanja. Mwishoni Price, mtu mzito wa kusukuma, alikimbia karibu uwanja mzima akafunga, na Wales ikashinda 25 kwa 10. Mwaka 1983 klabu yao ikatwaa Kombe la Wales. Prosser aliacha kufundisha mwaka 1987.

Kisha nyakati zikageuka. Raga ikawa ya kulipwa mwaka 1995. Mwaka 2003 Wales iliunda timu chache za kimkoa, na klabu kongwe zikabaki chini yake. Mwaka 2012, ligi ilipopangwa upya, Pontypool ilishushwa daraja. Ikakimbilia Mahakama Kuu, ikashindwa.

Hapa ndipo tunapoguswa. Aliyewahi kuheshimiwa huona uchungu kuambiwa aanze upya, na mara nyingi huchagua kukaa akihesabu makombe ya zamani. Pontypool ilikuwa na sababu za kununa. Hata hivyo ilirudi kucheza na vilabu vidogo, Jumamosi baada ya Jumamosi, kwa miaka mingi. Mwaka 2024, ligi mpya ya vilabu kumi, Super Rygbi Cymru, ilipoanzishwa, Pontypool ilikuwa miongoni mwao.

Wahenga walisema: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Safu ile ya mbele iliinama ikiwa bado haijulikani. Klabu ikainama tena ikiwa na jina kubwa. Tunadhani kuinama huku kwa pili ndiko kugumu zaidi. Je, sisi tuliokwisha kupata jina, tuko tayari kuinama tena?