Simu ya Dukani na Masomo ya Watoto wa Biashara Street

Mabadiliko ya vifaa vya kusomea katika kisiwa cha Mombasa hayaelezeki kwa kulitazama darasa peke yake, kwa kuwa vifaa hivyo aghalabu vilifika kwanza madukani, vikanunuliwa kwa haja za biashara, ndipo wanafunzi wakavitumia katika saa zilizobaki. Biashara Street, mtaa wa leso na vikoi ulio ubavuni mwa Mji wa Kale, unalidhihirisha jambo hili.

Katika miaka ya 1980, mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza, chombo kikuu cha shule baada ya ubao na chaki kilikuwa mashine ya kurudufu, yaani mtambo uliozungushwa kwa mkono na kupitisha wino katika matundu ya karatasi ya nta iliyokwisha kupigwa taipu. Karatasi ilipochoka, tumbo la herufi kama o na e lilijaa wino likawa doa jeusi, na mtahiniwa akalazimika kulikisia neno kabla ya kulijibu swali. Mwandishi wa kumbukumbu hizi ni miongoni mwa waliosoma kwa karatasi hizo, na bado anaamini kwamba walimu waliozitayarisha usiku walistahili heshima kubwa kuliko waliyopewa.

Baadaye zikaja saiba, yaani vyumba vya kukodi kompyuta na intaneti kwa dakika, ambako mwanafunzi alilipia muda wake sawa na mfanyabiashara aliyekuja kusoma barua pepe ya mwenye mali wa Dubai. Intaneti ya wakati huo ilitegemea setilaiti, ikawa ghali na nzito. Mnamo Juni 2009 mkongo wa TEAMS, ambao ni waya wa nyuzi za kioo uliolazwa chini ya bahari kutoka Fujairah, ulifika Mombasa, na mwezi wa Julai mkongo wa SEACOM ukaanza kazi. Hata hivyo, waya kufika pwani si sawa na waya kufika darasani, kwani shule ilihitaji pia kompyuta, fedha za umeme na mwalimu aliyefunzwa. Ahadi ya serikali ya kuwapa wanafunzi kompyuta za mkononi, iliyotolewa mwaka 2013, ilianza kutekelezwa mwaka 2016 kwa vishikwambi, lakini vilikusudiwa wanafunzi wa darasa la kwanza wa shule za msingi za umma, hivyo ndugu zao wa sekondari hawakuguswa.

Mwaka 2020 ndio uliofichua hali halisi. Shule zilifungwa mwezi wa Machi kwa sababu ya korona, masomo yakahamia redioni, kwenye televisheni na katika makundi ya WhatsApp, na tarehe 6 Mei serikali ikapiga marufuku kuingia na kutoka Mji wa Kale. Ilikuwa Ramadhani, msimu ambao wauza leso huutegemea mwaka mzima. Kwa kuwa wanunuzi hawakuweza kufika, picha za leso, pindo, mji (yaani sehemu ya kati) na jina lake (yaani maandishi) vikionekana vyema, zilitumwa kwa simu. Na katika nyumba nyingi simu hiyo ndiyo ile ile aliyoisubiri mtoto ili aone kazi aliyotumiwa na mwalimu. Mzazi hakuwa na kosa, maana riziki ya mtoto huyo ilitoka humo humo. Madarasa yote yalipofunguliwa Januari 2021, tofauti kati ya mtoto mwenye kifaa chake na aliyesubiri zamu ilikuwa imekwisha kujengeka.

Hata pale shule inapokuwa na kompyuta, linalosahauliwa na wapangaji wa elimu ni saa. Watoto wengi wa mtaa huu hutoka shule wakaenda chuoni, yaani madrasa ya Kurani, na hurudi karibu na magharibi, wakati vyumba vya kompyuta vya shule vimeshafungwa. Kununua mashine zaidi bila kubadilisha saa hizo ni kuongeza kufuli. Basi wakuu wa shule, serikali ya kaunti na wafanyabiashara wa Biashara Street wakutane wavifungue vyumba hivyo jioni na wakati wa likizo, wamlipe mwalimu wa kuvisimamia, na waanze na wanafunzi wa kidato cha nne.