Nyumba Isiyo na Masizi

Sisi ni mume na mke, tuna watoto watatu, na makazi yetu ni Nduguti, mkoani Singida. Akina mama wenzetu, tunawaandikia kwa sababu tulimkosea mama aliyemzaa baba wa nyumba hii, na kosa lenyewe hatukuliona mpaka tulipoonyeshwa na kijumba cha udongo kinachoenea juu ya sinia.

Wilaya ya Mkalama ilipoanzishwa mwaka 2012, na Nduguti ikawa makao makuu yake, nyumba za bati ziliongezeka hapa kwetu. Nasi tuliuza alizeti na vitunguu, tukafyatua tofali, tukajenga. Nyuma ya nyumba mpya likabaki tembe la bibi, lenye paa bapa la miti, nyasi na udongo. Kila masika lilivuja. Wageni walipokuja, tulikuwa tukiwakalisha upande wa mbele wasilione.

Siku moja bibi alikwenda Kiomboi kumsaidia binti yake aliyejifungua. Aliporudi baada ya majuma matatu, alikuta uwanja mtupu uliofagiliwa. Tulikuwa tumelibomoa. Chumba chake kilikuwa tayari, chenye kitanda, godoro na chandarua. Alitazama uwanja, akatazama chumba, akasema, "Asanteni, wanangu." Akaingia ndani. Tukadhani amefurahi.

Tangu siku ile bibi alianza kunyamaza. Alikula matonge mawili au matatu, akasema ameshiba. Wajukuu walipomwomba hadithi, alisema kichwa kinamwuma. Tulimpeleka kupimwa, ugonjwa haukuonekana. Mama msomaji, ukiwa na mzee ndani unayempa kila kitu na bado anasinyaa, utaelewa usingizi ulivyotupotea.

Mwezi wa Desemba ukafika. Watoto wa shule ya Jumapili waliambiwa kila nyumba ilete kitu cha kuweka kwenye pango la Noeli kanisani. Desturi hii ni ya zamani sana. Mwaka 1223, katika kijiji cha Greccio huko Italia, Fransisko wa Asizi alitengeneza hori lenye nyasi, akaleta ng'ombe na punda walio hai, ili watu wa kawaida waone kwa macho yao jinsi Mwokozi alivyozaliwa katika hali duni. Baadaye watu wakaanza kutengeneza sanamu ndogo, kila nchi kwa sura ya kwao. Katika mji wa Napoli mafundi hutengeneza mtaa mzima, wenye wauza samaki na wauza mikate.

Watoto wetu wakaamua kwamba Yesu wao azaliwe katika tembe. Walichota udongo wa mfinyanzi bondeni, wakauchanganya na majani makavu yaliyokatwakatwa ili usipasuke, wakajenga kijumba na ng'ombe wawili. Waliviacha kivulini siku tano vikauke polepole. Kisha wakavipaka rangi ya mafuta iliyobaki tulipopaka nyumba yetu: kuta rangi ya maziwa, mlango kahawia. Kijumba kikang'aa kama kopo la biskuti.

Wakampelekea bibi. Alikigeuzageuza, akauliza, "Hii ni nyumba ya nani?"

"Ya Yusufu na Mariamu, bibi."

"Hapana, wajukuu zangu. Humu hajaishi mtu. Haina masizi."

Mtoto wa katikati akauliza, "Masizi yanawekwaje, bibi?" Ndipo bibi akainuka mwenyewe, akaenda jikoni, akakwangua sufuria.

Mara ya kwanza tuliharibu. Masizi na maji kidogo yalikuwa mazito, kijumba kikawa cheusi kana kwamba kimeungua, na mtoto akalia. Tukachukua kitambaa chenye unyevu tukafuta haraka. Kumbe pale palipoinuka weusi ulitoka, na katika nyufa na pembe ukabaki. Ghafla ukuta ukaonekana wa zamani, wenye vivuli vyake. Baadaye tuliambiwa na kijana mmoja fundi rangi kwamba watu wanaotengeneza vijumba na magari madogo ya maonyesho hutumia njia hiyo hiyo: rangi iliyozimuliwa mpaka ikawa kama chai.

Kama watoto wako wangependa kujaribu, fanya hivi. Rangi ya chini iwe imekauka kabisa, usiku na mchana mzima au zaidi. Ikiwa mbichi itatoka yote. Ikiwa inang'aa sana, ikwangue kidogo kwa msasa laini. Chukua kijiko kimoja cha masizi au cha udongo mwekundu uliochekechwa, koroga katika vijiko kumi vya maji, tia tone moja la sabuni. Bila sabuni, maji hujikusanya kama umande juu ya jani la mgomba. Ukiitia, hutambaa mpaka ndani ya nyufa. Paka kwa brashi ndogo, ngoja kidogo, kisha futa sehemu zilizoinuka. Rudia mara mbili tatu kwa wepesi, maana kuongeza ni rahisi kuliko kupunguza. Chai ya rangi nayo yafaa, lakini isiwe na sukari, la sivyo utaita sisimizi. Petroli na mafuta ya taa viwe mbali na watoto, na sanamu zilizopakwa rangi asipewe mtoto anayetia kila kitu mdomoni, kwa sababu baadhi ya rangi zina madini ya risasi, nayo hudhuru ubongo wa mtoto.

Bibi hakuhitaji mafundisho hayo yote. Alishika brashi ya mjukuu, akaanza kuonyesha. "Hapa juu ya mlango paweni peusi, moshi ulipitia hapa. Hapa chini ya paa vutieni michirizi, maji yalishukia hapa. Chini kabisa rusheni udongo mwekundu, mvua hurusha. Kwenye mwimo huu babu yenu alikuwa akiegemea akitoka machungani." Kila doa lilikuwa na mwenyewe. Sisi tulisimama mlangoni tukisikiliza, maana tulikuwa hatujamsikia akisema maneno mengi kiasi hicho kwa miezi minne.

Kisha akaweka kidole chake chini kidogo, kando ya mlango. "Na hapa," alisema, "ndipo baba yenu alipokuwa akijishika, alipojifunza kusimama."

Tulitazamana. Mwenye mkono ule alikuwa ndiye aliyeshika sururu siku ya kubomoa.

Usiku ule, watoto walipolala, tulikwenda chumbani kwake, tukapiga magoti wote wawili, tukaomba msamaha. Hatukujitetea kwa habari ya paa kuvuja. Alikaa kimya kwa muda mrefu. Mwishowe akasema, "Lilikuwa linavuja, hata mimi nilijua. Mngeniuliza, ningekubali. Lakini mngeniuliza."

Kijumba kilikaa kanisani mpaka mwaka mpya, na wazee kadhaa walisimama mbele yake kwa muda mrefu. Sasa kipo chumbani kwa bibi, juu ya sanduku lake. Anakula vizuri, na hadithi zimerudi. Hata hivyo, jioni nyingine bado huketi akiutazama uwanja ule, nasi hatumwambii asahau. Tembe halitarudi.

Akina mama, hamtatukosea mkitucheka. Tulitaka kumpa mama usafi, tukamfutia maisha yake. Kabla hujatupa kinu cha mama mkwe, au kuchoma kikapu chake kilichotoboka, keti naye kwanza umwulize. Huenda atakubali. Huenda pia atakuonyesha doa usilolijua, na ndani yake ukamwona mume wako akiwa bado hajajua kutembea.