Maombi 43 Bila Jibu

Nilihitimu shahada ya ununuzi na ugavi mwaka 2019, nikarudi Mbagala kwa mama. Kwa mwaka mmoja na nusu nilituma maombi ya kazi 43 kwa barua pepe. Sikuitwa popote. Mama aliamka alfajiri kukaanga vitumbua ili nipate pesa ya bando, na kila jioni aliniuliza, "Wamejibu, mwanangu?" Swali lile lilinikata maini. Nikaanza kuamini maneno ya mtaani, kwamba bila mjomba ofisini kazi huipati.

Siku moja nilikwenda steshenari kuchapa barua nyingine. Dada mwenye duka akaniambia, "Kaka, hebu tuzione zile ulizokwisha kutuma." Tukazifungua, tukazisoma moja baada ya nyingine.

Katika barua tisa niliandika "nimeambatanisha wasifu wangu", na kiambatisho hakikuwepo. Sita zilitaja jina la kampuni nyingine, kwa kuwa nilinakili barua ya zamani bila kuisoma. Moja niliituma kwa waajiri 12 kwa mpigo, kila mmoja akiona anwani za wenzake. Vyeti nilivipiga picha kwa simu, vikazidi MB 25 ambazo Gmail inaruhusu, vikageuzwa kuwa kiungo cha Drive kisichofunguka mpaka nitoe ruhusa. Mwajiri mmoja alikuwa ameiomba ruhusa hiyo. Ombi lake lilikaa miezi minne katikati ya matangazo, sijaliona. Pale nililia.

Kuanzia siku ile nilibadili utaratibu. Naweka kiambatisho kwanza, naandika maelezo, kisha anwani ya mpokeaji naijaza mwisho kabisa, ili barua isiponyoke kabla haijakamilika. Kwenye kichwa cha barua naandika nafasi ninayoomba, kumbukumbu namba ya tangazo na jina langu kamili. Wasifu na vyeti naviunganisha kuwa PDF moja nyepesi yenye jina langu. Kabla ya kumtumia mwajiri, najitumia mwenyewe, naifungua kwenye simu ya mama, na kumsomea kwa sauti. Mahali anapouliza "una maana gani?", narekebisha.

Kwa ombi la 51 niliitwa kwenye usaili. Leo mimi ni mtunza ghala msaidizi, na mama hakaangi tena vitumbua kwa ajili ya bando langu. Namshukuru Mungu, na namshukuru dada yule.

Sisemi kujuana hakupo. Kupo, na kunaumiza wengi. Lakini wewe uliyekata tamaa, kabla hujatuma ombi jingine, keti usome yote uliyokwisha kutuma. Kisha pitia kikasha chako chote, mpaka kwenye barua taka. Huenda kuna mtu alishakujibu, na bado anakusubiri.